Ukumbi Mtupu na Ukumbi wa Kina Mama

Miongoni mwa kazi za sanaa ya video zilizozungumzwa mno duniani ni "Turbulent", iliyotengenezwa mwaka 1998 na Bibi Shirin Neshat, mzaliwa wa Irani aishiye Marekani. Mtazamaji husimama kati ya viwambo viwili vinavyoelekeana. Katika kimoja, mwanamume mwenye shati jeupe aimba shairi la Maulana Rumi katika ukumbi uliojaa wanaume, nao wampigia makofi. Katika cha pili, mwanamke aliyejitanda nguo nyeusi asimama mbele ya viti vitupu. Mwenzake anyamazapo, yeye hutoa sauti isiyo na neno hata moja, huguna na kulia, hata yule mwanamume akabaki kukodoa macho.

Maana yake i wazi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, mwanamke wa Irani alikatazwa kuimba peke yake mbele ya wanaume. Ukumbi ule ni mtupu kwa amri ya dola.

Lakini asije mtu akadhani kuwa kila walipojitenga wanawake wa Kiislamu pana ukiwa. Sisi wa pwani twajua vingine. Chakacha ya harusini hukosa wanaume, na ukumbi hufurika. Mabibi zetu wa lelemama hapa Mombasa walifika hata kuvaa sare za kiume na kutembea njiani kwa maringo. Na Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, alikwenda kwa ridhaa yake. Kama sauti ya mwanamke ni uchi au si uchi, wanazuoni wamehitilafiana tangu kale, wala mimi si mufti. Ninaloliuliza ni jingine: ufunguo wa mlango anao nani?

Nauliza kwa kuwa mlango wetu sasa umevunjwa. Simu huingia harusini chini ya buibui la mwalikwa, na kabla bibi harusi hajaondoka, kiuno cha binti wa watu kimekwisha fika Dubai. Kamera ile ni mwanamume asiyealikwa. Ajabu ni kwamba lawama zote humwangukia aliyecheza. Mchumba humkimbia, na babake huinamisha kichwa msikitini, hali aliyepiga picha na kuisambaza ala pilau kwa raha zake. Suratul Hujurat imekataza kupelelezana. Mbona aya hiyo hatuisomi siku hiyo?

Rai yangu ni hii. Mwenye harusi na aweke kapu mlangoni, simu zilale humo. Na picha ikivuja, aulizwe kwanza aliyeituma, kisha aliyeitazama na kumpelekea mwenziwe. Tusipofanya hivyo, binti zetu wataacha kucheza, nasi tutakuwa tumejijengea wenyewe ukumbi mtupu, bila ya amri ya dola yoyote.