MWANAGENZI WA SIASA YA NJE ALE NINI?

Iko kazi moja ambayo wananchi wengi hawaijui, nayo ni kazi ya wanafunzi waendao kujifunza katika taasisi za utafiti wa siasa ya nchi za nje. Mwanafunzi huacha darasa kwa miezi miwili mitatu akawa mwanagenzi wa wataalamu. Asubuhi husoma magazeti ya nchi aliyopewa na kuandika muhtasari. Hutafuta mwaka wa mkataba fulani na kuhakikisha tarakimu kabla maandishi hayajapigwa chapa. Wageni wakija kuhutubia, yeye ndiye apangaye viti, na ndiye akaaye nyuma akiandika yasemwayo. Kwa macho ni kazi ndogo. Lakini humo ndimo mtu ajifunzapo jinsi wakubwa wanavyoamua nani aitwe rafiki na nani aitwe adui.

Tutwae mfano wa Marekani. Katika mji wa Philadelphia iko taasisi ya namna hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1955 na Robert Strausz-Hupé, mzaliwa wa Vienna, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1957 ilianza kutoa jarida lake, Orbis. Mwaka 1970 ilitengana na chuo hicho, na mwaka huo huo mwanzilishi wake akapewa ubalozi wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Baadaye akawa balozi Ubelgiji, Sweden, NATO na Uturuki. Wasomaji waone wenyewe: toka meza ya utafiti hadi ubalozini si mwendo mrefu. Na taasisi hiyo hata leo hupokea wanafunzi.

Basi twauliza: nani awezaye kuupita mlango huo? Kwa miaka mingi kazi nyingi za namna hii katika Marekani zilikuwa za bure. Hata Ikulu yao haikuanza kuwalipa wanagenzi wake mpaka mwaka 2022, na hiyo ni serikali yenye mali kupita zote! Mtoto wa tajiri hulipiwa pango na baba yake, akakaa Washington bila wasiwasi. Mtoto wa mfagizi, ajapokuwa na akili kama wembe, likizo yake huimaliza akiuza dukani ili apate karo. Kisha watu hustaajabu kwa nini wote wanaosema juu ya mambo ya dunia wana sauti moja.

Wala si Marekani peke yake. Mwaka 2015, huko Geneva, kijana mmoja wa New Zealand, mwenye umri wa miaka 22, alionekana akilala hemani karibu na ziwa, kwa kuwa kazi yake ya uanagenzi katika Umoja wa Mataifa haikuwa na malipo. Alikiri baadaye kwamba alikusudia dunia imwone. Na ione! Aliyetoka nchi yenye neema alifika kwenye hema. Atokaye Singida au Pemba asingepata hata nauli ya kufika huko.

Labda msomaji atasema, hayo ya wageni yatuhusu nini? Yatuhusu, maana sisi twaijua njia nyingine. Mwaka 1964 Salim Ahmed Salim alipelekwa Cairo kuwa balozi, naye alikuwa na umri wa miaka 22, sawa na yule wa hemani. Hatusemi kila kijana apewe ubalozi, la hasha. Twasema nchi changa ilimwamini kijana, ikampa kazi ya kweli na mshahara wake. Na mwaka 1978 Tanzania na Msumbiji ziliungana kuanzisha chuo cha diplomasia hapa Dar es Salaam, nchi mbili zisizo na utajiri, kwa sababu zilitaka watu wao wenyewe wa kuzisemea.

Kwa hiyo, popote panapofanywa utafiti wa siasa ya nje katika nchi hizi zetu, mwanagenzi apewe nauli, chakula na pango, na jina lake liandikwe katika kazi aliyoifanya. Tusiambiwe fedha hakuna. Twaziona karamu za mikutano, na mahoteli inamofanyiwa. Taasisi isiyoweza kuwalisha kumi na ichukue wawili, iwachague kwa mtihani ulio wazi kwa wote, wala isiulize baba zao ni nani.