Mzazi, kabla hujaficha pawabenki kwenye kiroba cha michembe

Mtoto akiwa chuoni Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, mzigo wa nyumbani hauishi. Mama wa Mhunze au Maganzo hufunga kiroba cha michembe, karanga na unga, akakipeleka stendi. Siku hizi katikati ya michembe huwekwa na kitu kingine: simu iliyotoka kwa fundi, au pawabenki. Mpokea mizigo akiuliza kuna nini ndani, anajibiwa, "Chakula tu."

Wazazi wenzangu, jibu hilo tuliache.

Simu na pawabenki zina betri za lithiamu, ambazo hubeba nguvu nyingi katika umbo dogo. Betri ikipondwa, ikitobolewa, au ncha zake mbili zikiunganishwa na chuma, inaweza kupata joto kali ghafla na kuwaka. Joto hilo huwasha na betri ya jirani, na moshi wake una sumu. Sasa fikiria hayo yakitokea ndani ya buti, chini ya magunia, huku abiria wamelala juu.

Ndiyo sababu kimataifa betri hizi zimewekwa kwenye daraja la 9 la mizigo hatarishi. Watu wa ndege walijifunza kwa uchungu. Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya UPS iliyokuwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu iliwaka moto angani na kuanguka Dubai. Marubani wote wawili walikufa. Tangu Aprili 1, 2016, betri za lithiamu za kuchaji zinazotumwa peke yake, bila kifaa chake, haziruhusiwi kuwa shehena kwenye ndege za abiria.

Basi si ndege, lakini betri ni ileile. Kwa hiyo zingatia haya:

1. Betri iliyovimba, iliyolowa au kupasuka isitumwe kabisa, hata kama mtoto anasema fundi wa huko atairekebisha. Usiitoboe ili "itoe upepo." Iweke nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha umuulize fundi namna ya kuitupa.

2. Simu izimwe kabisa, izungushiwe nguo au kadibodi, iwekwe kwenye boksi gumu. Usiiweke chini ya unga au mahali inapoweza kubanwa.

3. Betri zilizo nje ya kifaa, kama zile za taa za kichwani wanazotumia wachimbaji wadogo, zibandikwe gundi ya karatasi au nailoni kwenye ncha zote mbili, na kila moja iwe na mfuko wake. Zisikae pamoja na funguo, sarafu au vijiko.

4. Sema ukweli. Mwambie mpokea mizigo, "Humu kuna simu." Akikataa, usimlaumu wala usiende kudanganya basi la pili. Mpe mtu unayemfahamu anayesafiri, naye umweleze anachobeba, akae nacho kwenye mkoba wa mkononi ambako atakiona kikianza kupata joto.

Kwa mtoto anayepanda ndege Mwanza, pawabenki iende naye ndani, kamwe si kwenye begi linalokabidhiwa kaunta. Kikomo cha kawaida ni Wh 100. Kama kifaa kimeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Ya mAh 30,000 ni Wh 111, hiyo inahitaji kibali cha shirika la ndege. Ikizidi Wh 160, ibaki nyumbani.

Mkiona moshi ukitoka kwenye mkoba ndani ya basi, mwambieni dereva asimame, abiria washuke upesi. Simu inayowaka humwagiwa maji mengi ili ipoe. Usiifunike kwa blanketi, na usiishike kwa mkono. Zimamoto wanapatikana kwa namba 114.

Mweleze na mtoto haya yote, maana likizo ikifika yeye ndiye atakayefunga begi la kurudi Kishapu. Na kiroba chako hakisafiri peke yake. Juu ya buti lile wamekaa watoto wa wazazi wenzako.