Nani Ananunua? Neno juu ya biashara ya mtandao huko Fizi na Baraka

Kila likizo kubwa inapokaribia, wanafunzi wa kitivo chetu wanaotoka pande za Fizi na Baraka huanza kupokea mialiko. Anayealika si mgeni: ni mjomba, ni shemeji, ni kiongozi wa kwaya, pengine ni mwalimu aliyetufundisha sekondari. Anasema kuna fursa. Hasemi ni kazi gani, anasema tu uje usikie. Ukifika unaonyeshwa dawa ya meno, chai ya majani, vidonge vya kuongeza nguvu, kisha mchoro wa vichwa vya watu vilivyounganishwa kwa mishale kutoka juu kwenda chini. Hiyo ndiyo inayoitwa biashara ya mtandao.

Siandiki ili kusema kwamba kila anayeifanya ni tapeli. Kuna watu wanaouza sabuni na mafuta kwa njia hiyo, na wateja wao wanarudi. Ninaandika kwa sababu naona kuna swali moja ambalo likijibiwa vizuri mengine yote hufuata, na likikwepwa hakuna sababu ya kuendelea kusikiliza: bidhaa hii inanunuliwa na nani ambaye si mwanachama? Naona pia kwamba sisi wa Kitivo cha Lugha tunahusika na swali hilo kuliko wenzetu wa vitivo vingine.

Tunahusika kwa kuwa tunatafutwa. Karatasi za makampuni haya huja kwa Kiingereza au Kifaransa, na wanaotakiwa kujiunga ni mama wauza ndagaa, vijana wa pikipiki na walimu wanaongojea mshahara. Lazima apatikane mtu wa kugeuza maneno. Mwaka jana niliombwa kutafsiri katika mkutano wa aina hiyo huko Baraka. Niliomba nipewe karatasi mapema nizisome. Kurasa chache zilieleza bidhaa. Zilizobaki zote zilieleza jinsi fedha zinavyogawanywa kufuatana na idadi ya watu uliowaleta. Nilimuuliza mwandalizi swali lile la mnunuzi. Akanijibu kwamba hilo litaeleweka mtu akishaingia. Basi sikutafsiri, na mkutano ulipata mkalimani mwingine bila shida. Yule mkalimani alikuwa na haki ya kula jasho lake. Lakini mama mmoja aliyeketi pale hakusikia Kiingereza cha kampuni wala mchoro wa kampuni. Alisikia Kiswahili fasaha cha kijana wa nyumbani aliyesoma, na hicho ndicho alichokiamini.

Kwa hiyo tuanze na maneno yenyewe. "Biashara ya mtandao" ni jina lenye utata. Vijana wengi wakisikia "mtandao" wanafikiri intaneti, wanadhani watauza vitu kwa simu. Mtandao unaokusudiwa ni wa watu: wewe, uliowaleta, na walioletwa na hao uliowaleta. Neno "kuwekeza" hutumika pale ambapo mtu ananunua tu kasha la bidhaa. "Kubaki aktifu" maana yake ni kununua tena kila mwezi, upende usipende, ili usipoteze haki ya kulipwa. "Mguu wa kushoto" na "mguu wa kulia" ni watu, tena mara nyingi ni dada yako na jirani yako. Ukiyatoa maneno hayo na kuweka ya kawaida, mwaliko unasomeka hivi: nunua bidhaa, uendelee kuinunua kila mwezi, uwashawishi jamaa zako nao wanunue, utapewa sehemu ya fedha zao. Mtu akikubali baada ya kuelezwa hivyo, amekubali akijua. Tatizo ni kwamba haelezwi hivyo.

Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu, ina mfano unaotufaa sana watu wa lugha. Kampuni ya DECI haikuwa ikiuza bidhaa yoyote, lakini ilienea kupitia njia ileile ya undugu na ibada. Baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji. Mwanachama hakuambiwa atoe pesa, aliambiwa "apande mbegu". Hakuambiwa atalipwa kwa fedha za wenzake, aliambiwa "atavuna". Mkulima gani atabishana na mbegu? Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na viongozi wake kufikishwa mahakamani, watu wengi walikuwa bado wanangojea mavuno. Tazama pia neno "upatu". Kwa asili ni mchezo wa kuchangiana kwa zamu, jambo la heshima kati ya watu wanaojuana. Leo Mtanzania akisikia upatu anafikiria pia mpango wa ulaghai. Tapeli ameiba pesa, tena ameharibu na neno zuri.

Huku kwetu wazee wanakumbuka Bindo. Mwaka 1991, Zaire ikiwa katika taabu kubwa ya uchumi, Bindo Promotion ya Kinshasa ilikusanya fedha za watu kwa ahadi ya kuwarudishia mara nyingi zaidi. Waliotangulia walilipwa kweli, na hao ndio waliokuwa tangazo. Mwaka uleule ikaporomoka. Jambo la kushika hapa ni hili: kumwona mtu aliyelipwa si ushahidi kwamba mpango ni mzuri. Katika kila mpango wa namna hii wa kwanza hulipwa, maana bila wao wa pili hawaji.

Wengine husema: lakini hata likelemba ni watu kuchangiana, hata AVEC ni watu kuleta wenzao. Tulinganishe basi. Katika likelemba ya watu 10, kila mmoja akitoa dola 10, mmoja anabeba 100. Zamu zikiisha kila mtu ametoa 100 na amepokea 100. Hakuna aliyeahidiwa zaidi. Katika AVEC, wanachama wananunua hisa, fedha zinakaa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na faida inatokana na riba wanayolipa wanachama waliokopa. Ukimuuliza mama yeyote wa AVEC wa Baraka faida imetoka wapi, atakutajia nani alikopa, kiasi gani, na alifanya nayo kazi gani. Kikundi kinaweza kuishi miaka mingi bila kuongeza mtu hata mmoja. Ndiyo tofauti kubwa. Mpango ambao ungekufa kama hakuna mtu mpya anayeingia hauna faida ndani yake. Una foleni tu.

Na foleni hiyo ina mwisho wa karibu kuliko tunavyodhani. Mchoro ukisema kila mtu alete watu 5, tabaka la kwanza lina 5, la pili 25, la tatu 125. Endelea kuzidisha: tabaka la 7 lina watu 78,125, la 8 lina 390,625, na la 9 lina karibu milioni mbili. Tangu Makobola hadi Fizi kwenyewe, pamoja na Ubwari yote, watu hao utawatoa wapi? Na wale wa tabaka la mwisho ni wengi kuliko wote walio juu yao wakijumlishwa. Yaani mpango ukienda vizuri kabisa kama ulivyochorwa, walio wengi bado ni wale ambao hawana mtu wa kumleta.

Je, biashara zote za mtandao ni piramidi? Hapana, na hapa inafaa kuangalia nchi ambako makampuni mengi ya namna hii yalizaliwa. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, katika shauri la Koscot la mwaka 1975, ilieleza piramidi kuwa ni mpango ambao mtu analipia haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine, malipo yasiyohusiana na kuuza bidhaa kwa mtumiaji wa mwisho. Mwaka 1979 tume hiyohiyo ilisema Amway si piramidi, na moja ya sababu ilikuwa kanuni zake: muuzaji auze walau asilimia 70 ya alichonunua kwa mwezi, awe na wateja 10, na bidhaa zisizouzwa zirudishwe na kulipwa. Mwaka 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake, ili angalau theluthi mbili ya malipo ya wauzaji itokane na mauzo ya kweli kwa wateja. Mashauri yote matatu yanazunguka swali letu lilelile: nani ananunua?

Swali hilo lina uzuri mmoja: Baraka si mji mkubwa, na jibu lake linaweza kutafutwa kwa miguu. Kabla hujatoa pesa, chukua bidhaa moja uende nayo sokoni. Uliza wauza dawa na wenye maduka kama kuna mtu anayeitaka kwa bei ile. Ukikuta dawa ya meno ya dola 8 mahali ambapo nyingine inapatikana kwa franga chache, umeshajua kwamba hakuna atakayeinunua ila kwa ajili ya kubaki aktifu. Pili, omba namba ya RCCM ya kampuni, lile daftari la wafanyabiashara tunalolijua tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012. Namba hiyo haithibitishi uaminifu, lakini asiyekuwa nayo huna pa kumshitaki. Tatu, uliza kwa maandishi kama bidhaa zisizouzika zinarudishwa, kwa muda gani, na nani analipa gharama za kuzifikisha. Nne, piga hesabu ya mwaka mzima. Tuseme kwa mfano kujiunga ni dola 50 na kila mwezi ununue za dola 30: ni dola 410 kwa mwaka, bila nauli za mikutano ya Uvira na bila mega za simu. Jiulize kama kuna duka lolote ungelijaza bidhaa za dola 410 kabla ya kujua mteja wako wa kwanza.

Na kama bidhaa inasemwa kwamba inatibu sukari, shinikizo la damu na utasa kwa pamoja, hapo si suala la biashara tena. Mgonjwa aliyeacha dawa za hospitali kwa ajili ya vidonge vya mpwa wake hawezi kurudishiwa alichopoteza.

Najua hoja ya wenzangu wengi. Wanasema: kazi hakuna, serikali haiajiri, shamba haliendeki kila msimu kwa sababu ya usalama, sasa unatukataza na hili? Hoja hiyo ni nzito na siwezi kuicheka. Lakini ndiyo inayotufanya tuwe wateja wazuri wa ahadi. Mtu mwenye mshahara akipoteza dola 410 ataumia. Mwanafunzi akizipoteza ni mwaka wa masomo, na mara nyingi zimetoka katika mgawo wa AVEC wa mama yake. Umaskini wetu ni sababu ya kuuliza zaidi.

Gumu zaidi si hesabu. Ni kumwambia mjomba hapana. Katika mila zetu mkubwa akikuita kwenye jambo la familia huji na kalamu ya kumhoji. Hata hivyo, kuna namna ya kuuliza kwa adabu. Unaweza kusema: "Mjomba, nashukuru umenikumbuka. Nionyeshe wateja wako watatu wasiokuwa ndani ya kundi, niende kuwasalimia, kisha nitakupa jibu." Hujamwita mwongo, umemheshimu, na umemwachia yeye kazi ya kutafuta hao watatu. Ukiona anakasirika, kumbuka kwamba pengine naye ana makasha chini ya kitanda na anahitaji mguu wa kulia. Huruma yako isije ikawa pesa ya kumhamishia mtu mwingine hasara.

Kwa walimu wetu nina ombi. Katika somo la tafsiri tumegeuza hotuba za marais na hadithi za zamani, na tumefaidika. Tuleteeni pia mpango wa malipo wa kampuni moja kati ya hizi, tuutafsiri kwa Kiswahili ambacho mama wa soko la Baraka atakielewa bila mtu wa kumfafanulia, kila kitenzi kikiwa na mtendaji wake: nani anatoa, nani anapokea, nani ananunua. Kazi hiyo tukiibandika kwenye mbao za matangazo za makanisa na masoko ya nyumbani wakati wa likizo, tutakuwa tumewapa watu kitu cha kusoma kabla ya mkutano. Na sisi tunaoitwa kutafsiri mikutano yenyewe tukubaliane sharti moja: tusomewe karatasi zote mapema, na wasikilizaji waruhusiwe kuuliza kabla ya mtu yeyote kutoa hata franga moja. Mwandalizi akikataa, atafute mkalimani nje ya kitivo hiki.