Usukani Unaojiongoza: Maarifa Kabla ya Mota

Wapo wanaodhani kwamba mashua ya tanga yenye mtambo wa kujiongoza ikiyumbayumba, dawa yake ni kununua mota yenye nguvu zaidi. Sikubaliani nao.

Mwaka 1922 mhandisi Nicolas Minorsky alichapisha nadharia yake juu ya meli zinazojiongoza. Alizingatia kwamba mshika usukani hodari hatazami tu kiasi ambacho meli imeacha njia. Hupima pia kasi ya kugeuka kwake, akaanza kuurudisha usukani kabla omo haijafika inapotakiwa.

Mtambo unaotegemea dira peke yake huchelewa. Hupitiliza upande huu, kisha upande ule, huku ukimaliza umeme wa betri. Mota kubwa haiondoi kasoro hiyo. Kipimo kidogo cha kasi ya kugeuka, cha aina iliyomo katika simu nyingi za leo, kikiunganishwa na kompyuta ya mtambo, hutoa habari iliyokosekana kwa gharama ndogo. Aidha, kurekebisha tanga ili usukani usilemewe hakugharimu hata senti.

Mwalimu wa Sofu, Kibaha, hahitaji bahari kulifundisha jambo hili. Na awaulize wanafunzi wake: mwendesha baiskeli anapokata kona, huanza kunyoosha usukani lini? Jibu lao ndilo nadharia yenyewe.

Nchi isiyo na fedha za kuchezea haina budi kuwazoeza vijana wake kuitafuta kasoro kwanza, na kununua baadaye.