Si Marubani Tu Warushao Ndege

Waulize wadogo zetu wa kidato cha kwanza wanataka kazi gani, na hukosi atakayejibu, "Urubani." Waulize wa kidato cha sita, nao watataja uhandisi, udaktari au sheria. Lakini sijapata kumsikia hata mmoja akisema kwamba anataka kumsimamia mteja katika biashara ya vipuri vya ndege. Pengine ni kwa kuwa wengi wetu hatujui kama kazi hiyo ipo. Mimi naona ni kazi ya heshima, nayo yafaa sana vijana wa shule kama yetu. Wasomaji waniwie radhi nikiitetea kwa maneno machache.

Kwanza tuieleze. Kampuni zinazouza, kukodisha na kusafirisha vipuri, yaani spea za ndege, wateja wao ni mashirika ya ndege. Kila mteja mkubwa hukabidhiwa mtu mmoja, na mtu huyo humwita mteja wake "akaunti". Neno hili lisitupoteze. Hapa si fedha zilizowekwa benki, bali ni mteja mwenyewe pamoja na mahitaji yake, madeni yake, malalamiko yake na mizigo yake iliyo njiani. Basi mtu huyu tumwite msimamizi wa mteja. Hashiki usukani wala spana. Vyombo vyake ni simu, barua na daftari.

Je, shirika la ndege haliwezi kujinunulia lenyewe? Haya, tutazame ndege za kwetu. Uganda Airlines ya kwanza ilifungwa mwaka 2001. Ya sasa ilianza kuruka Agosti 2019 kwa ndege za CRJ900. Ndege hizo ziliundwa Kanada, injini zake ni za General Electric ya Marekani, na tangu Juni 2020 mwenye kuzitunzia vipuri ni kampuni ya Mitsubishi ya Japani, iliyoinunua kazi hiyo kutoka Bombardier. Kisha zikaja Airbus A330 mbili, ya kwanza Desemba 2020 na ya pili Februari 2021. Hizo huunganishwa Toulouse, Ufaransa, lakini mabawa yake hutoka Broughton, Wales, na injini zake ni za Rolls-Royce ya Uingereza. Sasa chombo kimoja kikiharibika usiku pale Entebbe, fundi aanze kubisha mlango wa nani? Saa tatu ya asubuhi kwetu, huko Kanada ya mashariki bado ni usiku wa manane.

Ndege isiyoweza kuruka kwa kukosa kipuri hutajwa kwa herufi tatu, AOG, na watu wa kazi hii wakiziona huacha chakula mezani. Abiria wamekaa na mizigo yao, hoteli zadai fedha, na safari ya kesho imekwisha kuharibika. Msimamizi wa mteja hutafuta kipuri katika bohari za dunia, huona ni ndege gani itakayokibeba, hupeleka karatasi kwa watu wa forodha kabla mzigo haujatua, kisha humwambia mteja saa ya kukipokea. Wala kazi haiishi hapo. Vipuri vingi vya thamani hubadilishwa: kizima huja, kibovu hurudi kutengenezwa ili kimfae mwingine. Mteja akikawia kukirudisha hutozwa fedha. Atakayemkumbusha mapema ni yule yule msimamizi.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo madogo. Mwishoni mwa mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kusimamisha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kwa sababu ya shida ya injini. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 Kenya Airways ilikuwa na ndege tatu za Boeing 787, katika tisa ilizo nazo za namna hiyo, zilizolala chini, na mapato yake yakapungua. Marubani walikuwapo, abiria walikuwapo, na anga lilikuwa wazi. Kilichokosekana ni injini na vipuri.

Wako watakaonicheka na kusema, "Hiyo ni kazi ya karani." Nawajibu kwa methali ya wazee: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ndege huenda hupotea zaidi ya mali. Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya ValuJet ilitoka Miami, Marekani, kwenda Atlanta. Katika mizigo yake mlikuwa na vyombo vya kutengeneza hewa ya oksijeni, vilivyotolewa katika ndege nyingine kwa kuwa muda wake ulikuwa umepita. Vyombo hivyo vikifyatuka huwa vya moto mno, tena havikuwa vimefungwa vifuniko vya usalama. Lakini karatasi ya mzigo iliandikwa kwamba ni vitupu. Havikuwa vitupu. Moto ukawaka ndani ya ndege, ikaanguka, na watu wote 110 waliokuwamo wakafa. Rubani hodari angefanya nini juu ya neno moja la uongo lililoandikwa katika karatasi asiyoiona?

Tena, katika biashara hii kipuri kisicho na cheti si kipuri, hata kikiwa kipya na kinang'aa. Cheti hueleza kilikotoka, nani aliyekipima, na kama chafaa kuwekwa katika ndege. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba kampuni moja ya London, AOG Technics, ilikuwa imeuza vipuri vya injini vyenye vyeti vya uongo. Vilikuwa vya injini za CFM56, ambazo hurusha ndege nyingi za Boeing 737 na Airbus A320. Mashirika ya ndege katika nchi mbalimbali yalilazimika kusimamisha ndege, kufungua injini na kuvitoa. Huyo "karani" tunayemcheka ndiye ambaye yampasa kukitazama cheti na kusema, "Hiki sikipokei," hata kama mteja analia na tajiri wake anafoka.

Hapa tumefika kwenye jambo ninaloliona kuwa ndilo kubwa. Msimamizi wa mteja hupokea mshahara kwa kampuni, lakini tumaini hulipokea kwa mteja. Ni kama mtumishi wa mabwana wawili. Kampuni yaweza kupenda aseme, "Kipuri kitafika kesho," ili mteja asiende kununua kwa mwingine, naye ajua kwamba hakitafika kabla ya siku nane. Wengi watasema kwamba biashara ndivyo ilivyo. Mimi nakataa. Mteja aliyeambiwa mapema kwamba ni siku nane aweza kukodi ndege nyingine, kuwahamisha abiria, au kupanga safari zake upya. Mteja anayeambiwa "kesho" kila siku kwa siku nane hawezi kufanya lolote ila kungoja. Habari mbaya iliyosemwa mapema ni msaada. Habari njema ya uongo ni wizi wa siku za mtu. Ahadi ni deni, na katika kazi hii deni hilo huhesabiwa kwa saa. Tena njia ya mwongo ni fupi: mwaka ukiisha, mteja huyo hatanunua hata bolti kwake.

Wengine watasema, "Maneno mazuri, lakini kazi hiyo iko Ulaya, si hapa." Ni kweli kwamba bohari nyingi kubwa ziko Ulaya, Marekani, Dubai na Singapore. Lakini kila penye muuzaji pana mnunuzi. Shirika la ndege lisilo na mtu wa kusoma mkataba, kufuatia ahadi na kukataa cheti kibaya litauziwa kwa bei ya juu na kungojeshwa. Wala Afrika haikukosa mfano. Huko Addis Ababa, Ethiopian Airlines ina karakana zake, nazo hutengeneza ndege zake yenyewe na za mashirika mengine. Na sisi Waganda hatuna bahari. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Nchi kama yetu yapaswa kuwa ya mwisho kudharau watu wanaojua kuleta kitu kwa ndege kwa wakati wake.

Sasa, ndugu zangu wanafunzi, kazi hii yataka elimu gani? Yataka hesabu, maana fedha za nchi nyingi hupita mikononi mwa mtu mmoja. Yataka jiografia, ili ujue ni saa ngapi huko unakopiga simu. Yataka lugha: Kiingereza cha mikataba, Kifaransa cha Toulouse na Kinshasa, na Kiswahili cha Mombasa na Dar es Salaam. Zaidi ya yote yataka ile insha tunayoiona kuwa mzigo, maana barua isiyoeleweka huleta kipuri kisichotakiwa. Haya yote twafundishwa hapa. Tusiyadharau kwa kuwa hayavai kofia ya rubani.

Simpunguzii rubani heshima yake, wala mhandisi. Lakini si kila mmoja wetu atapata shule ya urubani, ambayo ada yake twaijua kuwa ni ya kutisha, na ni vibaya kijana mwenye akili nzuri kurudi nyumbani akidhani kwamba mlango wa ndege umefungwa kwake. Unao mlango mwingine, nao hufunguliwa kwa daftari safi na neno la kweli.

Kwa wanafunzi wa zamani nina ombi moja. Ninyi mnaofanya kazi ya mizigo, forodha au manunuzi katika viwanja vya ndege, tuandikieni katika gazeti hili. Tuelezeni siku yenu huendaje, mlianzaje, na ni jambo gani mlilotamani mngefundishwa mkiwa hapa. Mkuu wetu wa shule hualika madaktari na wanasheria kuja kusema nasi. Mwaka huu na aalike mtu mmoja wa vipuri, nasi tutamsikiliza.