Darubini ya Bunduki Haimfundishi Mtu Kulenga

Kila nyani wanaposhuka kutoka Msitu wa Kakamega na kufagia shamba la mahindi huko Shinyalu, au nyati anapovuka mpaka wa mbuga mahali popote nchini na kuwatia watu hofu, mazungumzo huishia pale pale. Wazee barazani, walimu katika chumba chao cha mapumziko na wanafunzi katika midahalo yao husema kwa kauli moja kwamba askari wa wanyamapori waletwe na wapewe bunduki zenye darubini. Bunduki ya namna hiyo, husemwa, haikosi. Ni kauli hii ya mwisho ninayotaka kuipinga leo, kwa kuwa naiona kuwa kosa lenye madhara, na madhara yake yanaweza kumfika mtu ambaye hakuwamo kabisa katika ugomvi wa binadamu na mnyama.

Kwanza tuweke bayana hali ya sheria. Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku nchini Kenya Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2013 haikuurejesha. Jirani zetu wa Tanzania na Uganda wamechagua njia nyingine, ya kuwinda kwa leseni. Kwetu sisi, mwenye idhini ya kumlenga mnyama kwa bunduki ni askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) anapoitwa kumdhibiti mnyama anayehatarisha maisha au mali. Kwa hiyo suala la kuchagua baina ya darubini na vyuma vya kulengea, ambalo kwingineko ni suala la mwindaji na mfuko wake, hapa ni suala la umma. Risasi ile hufyatuliwa karibu na nyumba zetu, na wala haifyatuliwi nyikani palipo patupu. Sensa ya 2019 ilihesabu katika Kaunti ya Kakamega watu zaidi ya 1,860,000, yaani zaidi ya watu 600 katika kila kilomita mraba. Risasi ya bunduki kubwa iliyokosa shabaha inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3 kabla ya kutua. Msomaji na ajiulize, kutoka shambani mwake, ni nini kilichoko katika kilomita 3.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si askari wala mwindaji, na huenda mtu akaniuliza nimeingiaje katika mambo ya mitutu. Nimeingia kwa mlango wangu mwenyewe, yaani mlango wa maneno. Kiswahili kina neno darubini, lililotoka katika Kiajemi, ambako sehemu yake ya kwanza ina maana ya mbali na ya pili ina maana ya kuona. Darubini basi ni kionambali, na jina lake halidai zaidi ya hapo. Kiswahili kina pia neno shabaha, ambalo watunzi wa kamusi huliweka pamoja na shabihi, na ambalo mwanafunzi wa fasihi atalitambua kuwa jamaa ya tashbihi. Kuweka shabaha ni kuvilinganisha vitu viwili mpaka viwe kama kimoja: mstari wa bunduki na mahali panapokusudiwa. Lugha yetu, kwa hiyo, imetenganisha kuona na kulenga. Wanaosema kwamba bunduki yenye darubini haikosi wameyachanganya mambo haya mawili.

Tuvitazame vifaa vyenyewe. Bunduki isiyo na darubini huwa na vyuma viwili juu ya mtutu: cha nyuma, karibu na jicho, chenye pengo au tundu, na cha mbele, karibu na mdomo wa mtutu, chenye ncha. Mlengaji huiweka ncha katikati ya pengo, kisha akaviweka vyote juu ya shabaha. Ugumu wake ni kwamba jicho hutakiwa kutazama vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti, ilhali halina uwezo wa kuona sawasawa zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Aliyefunzwa vyema huielekeza nuru ya jicho kwenye ncha ya mbele, na kuiacha shabaha ionekane kwa ukungu kidogo. Sisi tuliovuka miaka arubaini, ambao tumeanza kuusogeza mbali ukurasa wa kitabu ili tusome, tunaelewa jinsi kazi hii inavyozidi kuwa ngumu umri unapopanda.

Vyuma vina mpaka wao, na mwalimu wa hisabati anaweza kuuthibitisha ubaoni kwa pembetatu mbili zenye umbo sawa. Ncha yenye upana wa milimita 2, ikiwa umbali wa sentimita 80 kutoka jichoni, hufunika sentimita 25 za kitu kilicho umbali wa mita 100. Kwa mita 200 hufunika sentimita 50. Maana yake ni kwamba kifua chote cha nyani aliye mita 100 hufichwa nyuma ya ncha, na mlengaji hulenga kwa kukisia. Tena, ikiwa nafasi kati ya vyuma viwili ni sentimita 60, ncha ikienda kando kwa milimita 1 tu, risasi itakosea kwa takriban sentimita 17 katika umbali huo huo wa mita 100. Hayo ndiyo yanayowafanya watu waidai darubini, na katika hilo hawakukosea.

Darubini huyaondoa matatizo haya kwa ustadi. Huiweka picha ya shabaha na msalaba wa nyuzi katika uwanda mmoja, hata jicho likawa na kitu kimoja tu cha kutazama. Huikuza shabaha, na mlengaji akabaini kichwa na bega, jike na dume, mnyama aliyesimama wazi na aliyefichwa nusu na matawi. Alfajiri na jioni, wakati mwanga ni haba, kioo chema huonyesha kile ambacho jicho tupu hukikosa. Kwa tambarare za Laikipia au Narok, ambako mnyama huonekana kutoka mbali na kumkaribia ni shida, nakiri bila kusita kwamba askari aliyenyimwa darubini amenyimwa haki yake, na mnyama naye amenyimwa haki ya kufa mara moja bila mateso.

Lakini kila kinachopewa jicho kwa darubini hulipiwa. Darubini inayokuza mara 4, ikielekezwa kwenye kitu kilicho mita 100, huonyesha upana wa takriban mita 10 tu. Yaliyo nje ya duara hilo hayapo kwa anayetazama. Mtoto wa shule anayekata njia kando ya mahindi, au mama anayeokota kuni mita 15 kutoka alipo nyani, hamo katika kioo. Pili, kioo hukuza pia mtetemeko wa mkono. Aliyechoka kwa kukimbia huuona msalaba ukicheza, akafanya haraka kufyatua unapopita juu ya shabaha, na hapo ndipo risasi hupotea. Tatu, kioo hukaa sentimita 4 hivi juu ya mtutu, na kwa hiyo mnyama aliye hatua chache mbele hupigwa chini ya pale palipolengwa. Nne, mvua huingia katika hesabu, na Kakamega ni nchi ya mvua. Tone moja juu ya lenzi au ukungu ndani yake huigeuza darubini kuwa kizibo cha jicho. Tano, ikigongwa kwenye mlango wa gari, huweza kupotoka bila dalili yoyote ya nje, na askari akaendelea kuiamini.

Ndani ya msitu wetu hali ni dhahiri zaidi. Miti imesongamana, vichaka vimefunga, na mara nyingi macho hayapenyi zaidi ya mita 30. Mnyama akitoka hapo hutoka ghafla, na mwenye darubini kubwa huona manyoya tu, bila kujua ni ya sehemu gani ya mwili. Ndiyo sababu wawindaji wa zamani wa nyati na ndovu Afrika Mashariki walishika bunduki za mitutu miwili zenye pengo pana la kulengea, lililotengenezwa kwa ajili ya umbali mfupi, ili macho yote mawili yabaki wazi.

Historia ya hapa kwetu inatoa ushahidi. Mumias, mji wa Nabongo Mumia aliyefariki 1949, ulikuwa mwanzoni mwa karne ya 20 kituo kikuu cha misafara ya pembe iliyoelekea Karamoja na Turkana. Miongoni mwa waliopita hapo ni Mskoti W. D. M. Bell, aliyezaliwa 1880, ambaye hesabu ya ndovu aliowaua ilizidi 1,000. Simtaji ili nimsifu, kwani biashara aliyoifanya iliziacha nchi hizi zikiwa maskini wa ndovu. Namtaja kwa sababu aliwashangaza wawindaji wenzake. Wao walishika mizinga ya kuvunja bega, naye akatumia sana bunduki nyepesi yenye risasi ya milimita 7, akilenga kwa vyuma. Siri yake ilikuwa elimu. Alilipasua kwa msumeno fuvu la ndovu ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande, na alijizoeza kulenga na kufyatua bunduki isiyo na risasi mpaka mkono ukatii. Kabla ya kulenga, alikuwa amekwisha jua.

Mfano wa pili unaelekea upande wa darubini, na ni haki niutaje. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alitua Mombasa Aprili 1909 na kuwinda hadi uwanda wa Uasin Gishu. Alivaa miwani, na jicho lake la kushoto lilikuwa limepoteza nuru kwa ajali ya ndondi alipokuwa Rais. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, lakini hakujificha kwamba hakuwa mlengaji hodari, na risasi zake nyingi zilikwenda kwa mnyama asiyeonekana vyema. Mtu wa macho kama yale, angepata kioo kizuri cha siku hizi, angewapunguzia wanyama mateso. Kwa hiyo sisemi kwamba darubini ni anasa. Kwa aliye na upungufu wa macho ni msaada, kama ilivyo miwani kwa msomaji. Lakini miwani haijamfundisha mtu yeyote kusoma.

Wapo watakaonijibu kwamba zama zimebadilika, na kwamba kung'ang'ania vyuma ni kuikumbatia kale. Jibu langu ni kwamba sibishani na kioo, nabishana na mpangilio. Anayeanza na vyuma hulazimika kujifunza mambo yote ya msingi: kusimama, kupumua, kukadiria umbali, kuvuta kwa upole, kumsogelea mnyama badala ya kumtegemea kwa mbali, na zaidi ya yote kujizuia. Akiongezewa darubini baadaye, huongezewa juu ya msingi. Anayeanza na darubini huona shabaha kubwa na karibu, akadhani kwamba kwa kuwa anaiona anaiweza. Hushawishika kufyatua kwa mita 300 pale ambapo mwenzake angesubiri au angesogea. Akikosea kidogo, mnyama hujeruhiwa na kukimbia, na nyati aliyejeruhiwa akiwa kichakani ni hatari kuliko nyati mzima kumi. Atakayekutana naye kesho yake asubuhi ni mchunga ng'ombe au mwanafunzi aendaye shuleni.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwanza, fedha za mafunzo zitangulie fedha za vioo: askari apewe risasi za kutosha za mazoezi, na apimwe kila mwaka kwa vyuma na kwa darubini pia. Pili, kwa kazi ya karibu na makazi ya watu, kama hapa kandokando ya msitu, vyuma viwe ndicho kifaa cha kawaida, au darubini yenye ukuzaji mdogo inayoruhusu macho yote mawili kubaki wazi. Darubini kubwa zibaki kwa tambarare. Tatu, kila anayetumia kioo awe na mwenzake asiyetumia, ambaye kazi yake ni kutazama pembeni na nyuma ya mnyama, na awe na mamlaka ya kusema hapana. Hili la tatu halihitaji bajeti kubwa, na nadhani ndilo litakaloyaokoa maisha mengi zaidi.

Nanyi walimu wenzangu, mjadala huu ukizuka darasani msiufunge kwa kusema kwamba bunduki si mambo ya shule. Ndani yake mna fizikia ya nuru, mna hisabati ya pembetatu, mna historia ya Mumias, na mna maadili. Wanafunzi waulizwe si bunduki ipi iliyo bora tu, bali ni nani aliyeishika, amejua nini, na nyuma ya mnyama pana nani. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kijiji kinapoomba askari wa kumdhibiti mnyama, kisiulize kwanza amekuja na kioo gani. Kiulize amefunzwa kwa muda gani, na kama anajua wakati wa kuishusha bunduki na kurudi nyumbani bila kufyatua.