Jani Linalopukutika ni Mwalimu wa Msusi

Juma hili nataka tuzungumze habari za majani yanayopukutika. Pengine mkulima atacheka na kuuliza, "Majani makavu yana faida gani zaidi ya kuwa mbolea?" Namwomba avumilie kidogo.

Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, tangu Septemba hadi Novemba, misitu mizima hugeuka rangi ikawa ya manjano na nyekundu, na mafundi wa kule wa kusuka na kufuma huziiga rangi hizo katika kazi zao. Kwetu Ogwedhi hatuna majira hayo. Lakini wakati wa kiangazi, mtu akiutazama mti wa mlama, ambao Wajaluo huuita keyo, ataona majani yake yamegeuka mekundu na ya hudhurungi kabla ya kuanguka. Twayakanyaga kila tuendapo sokoni, wala hatuyatazami.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, husuka vikapu vya katani na kuviuza siku ya soko. Kiangazi kimoja vikapu vyake havikununuliwa. Alikuwa ametia rangi za dukani, kijani, zambarau na waridi, zote kwa kipimo kimoja, sawa na wenzake wote. Na karo ya binti yake ilikuwa ikidaiwa. Basi akachuma majani mekundu ya mlama, akayachemsha pamoja na nyuzi. Nyuzi zikatoka na rangi ya matope. Akaniletea akisema, "Mwanangu, wewe uliyesoma, nieleze jani hili limenidanganyaje."

Nikamweleza hivi. Jani likiwa bichi hufunikwa na ukijani. Likizeeka, ukijani huo huvunjika, na umanjano uliokuwa umejificha huonekana. Ama wekundu, jani hulitengeneza lenyewe katika siku zake za mwisho, nao si wa kudumu. Moto na jua huuharibu upesi. Kwa hiyo jani la mlama si la kutiwa chunguni. Kazi yake ni kutufundisha mpango wa rangi.

Tukaliweka jani moja mezani, tukalichungua kama karani akaguavyo hesabu. Sehemu kubwa ilikuwa hudhurungi. Manjano ilifuata mishipa. Nyekundu ilikuwa ukingoni tu, nyembamba kama uzi. "Kumbe!" akasema mama. "Mimi nalizitia zote sawasawa, zikagombana."

Akaenda akachemsha maganda ya vitunguu pamoja na shabu, ambayo huishikiza rangi katika uzi isitoke upesi, akapata manjano ya dhahabu. Magome ya mgunga yakampa hudhurungi. Nyekundu akatumia ile ya dukani, mstari mmoja tu karibu na ukingo. Chungu cha kazi hiyo alikitenga, asikipikie chakula tena. Nanyi mfanye vivyo hivyo.

Siku ya soko kikapu hicho kilinunuliwa kabla ya saa sita. Vile vitatu vya zamani vilirudi nyumbani. Kikapu kimoja hakilipi karo, naye alijua hivyo. Jioni ile ile alianza kingine, na jani jingine likiwa mbele yake.

Mkonge wenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni Meksiko, na Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893. Miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Leo katani ni uzi wetu, na kila mtu aweza kuupata. Kwa kuwa uzi ni mmoja, na rangi za dukani ni zile zile, kinachomtofautisha msusi na mwenzake ni jicho lake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi, ndugu msomaji, kiangazi kijacho mwokotee mkeo au mama yako jani moja njiani, mlitazame pamoja. Kwaherini hadi juma lijalo.